Matuta Mia Nane kwenye Kisanduku cha Ekari

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanikatia keki, kisha mkaniomba niandike "kidogo tu" kuhusu kazi ya kuzijaribu kurasa zetu za mtandao kwa watu. Saa inachelewa dakika kumi kila siku, lakini keki ilikuwa nzuri, kwa hiyo naandika. Habari za vyeo vyangu mtazikuta kwenye faili, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitawaeleza nilivyojifunza kazi na nilivyoikosea, maana nilipoikosea ndipo nilipoijua.

Nilianza nikiwa mpiga chapa wa chama cha ushirika, hapahapa Sumbawanga, wakati ushirika bado ndio baba na mama wa mkulima. Siku ya kwanza bosi alinipa fomu ya kuombea pembejeo niichape upya kwenye stensili, akanionya nisibadilishe hata nukta. Ile fomu ilikuwa na mstari wa jina wenye urefu wa kidole gumba. Sasa chukua Mfipa aliyebatizwa jina la mtakatifu, mwenye jina la baba na la babu, mwambie ajieneze hapo. Walikuwa wanaanzia kwenye mstari na kumalizia pembeni mwa karatasi, maandishi yakipanda juu, na karani wa ghala akisoma ameinamisha shingo. Niliurefusha mstari bila ruhusa. Nilikaripiwa sawasawa, lakini fomu zikaanza kusomeka na hakuna aliyeurudisha mstari wa zamani. Sikujua kwamba hiyo ni kazi ambayo mtu angeweza kuajiriwa kuifanya.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ukalegea, ghala likapigwa kufuli, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda kutoka Mbeya, na mkulima akatangaziwa kuwa yuko huru. Alikuwa huru kweli, pamoja na kuwa huru kuitafuta mbegu mwenyewe. Baada ya miaka ya kuhangaika, wakulima wa Ufipa waliunda chama chao, wakapata mfadhili, na mfadhili akaleta kompyuta tatu na dishi kubwa la intaneti. Dishi lilikuwa jipya mjini kiasi kwamba watu walikuja kulitazama tu, wakaenda zao. Mimi niliajiriwa kwa kuwa nilijua kuchapa haraka.

Kituo chetu kilipangishwa vyumba viwili nyuma ya duka la Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama wa makamo wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, mwenye ushungi mweupe na ulimi mfupi, na ndiye mwalimu wangu wa kweli ingawa hakuwahi kuigusa kompyuta. Mwezi wa kwanza nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya kaunta, akimtazama mteja mmoja anavyohangaika kutafuta chumvi. Hakumsaidia. Mteja alipoondoka, mama akainuka, akahamisha chumvi kutoka rafu ya juu na kuiweka jirani na mafuta ya taa. Nilimuuliza kwa nini hakumwelekeza tu yule mtu.

"Ningemwelekeza yeye," alisema, "na kesho ningemwelekeza mwingine. Mteja hakwambii duka lako baya, Konso. Anakusalimia vizuri, anaenda kwa jirani. Wewe tazama macho yake na mikono yake. Mdomo una adabu nyingi mno."

Niliandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu. Kuandika ni rahisi. Kuyafuata kulinichukua mwaka mzima na kukamgharimu mtu mwingine.

Mtengenezaji wa tovuti alikuwa Fredi, kijana wa Dar es Salaam, mchapakazi, mwepesi wa kucheka, ambaye baridi ya Julai ilimvalisha makoti mawili. Kazi tuliyopewa ilikuwa moja. Zamani orodha ya watu wa kupata mbegu na mbolea ilikuwa inaandikwa na katibu wa kijiji, na kwa namna ya ajabu mashemeji wa katibu walikuwa wanatangulia kila mwaka. Sasa chama kiliamua kila mkulima aje kituoni mwezi wa nane, akae mbele ya kompyuta, ajaze ombi lake kwa mkono wake, na mwezi wa kumi na moja lori lije na mifuko kulingana na orodha. Fredi alipenda kusema kwamba mtandao haumjui shemeji. Kweli haukumjua. Tatizo ni kwamba haukumjua mtu yeyote.

Kazi yangu ilikuwa kuwaketisha watu wachache kwenye ukurasa kabla haujafunguliwa kwa wote, na kuona wanakwama wapi. Nilianza na walioko karibu: walimu na makarani wa mtaa wa Katandala. Walijaza kwa dakika chache, wakasema ni mzuri, wakauliza kama wanaweza kusoma habari za mpira. Bi Zuhura alisikia, akaniuliza ni nani kati ya hao anayelima. Niliona ananionea. Hata hivyo nilituma salamu kijiji cha Mollo, wakaja akina mama watano wakulima, wote wanasoma na kuandika, wamevaa vitenge vya Jumapili.

Niliwapokea kwa heshima zote, chai ya maziwa na maandazi. Niliwaonyesha jinsi ya kushika mausi, nikaahidi kwamba sitagusa kitu. Mmoja wao aliitwa Leokadia, mjane mwenye watoto wawili wa kike, mtu wa maneno machache. Alijaza jina lake bila shida. Alipofika mahali palipoandikwa ukubwa wa shamba, na mbele ya kisanduku neno "ekari", akasimama. Mkono ukatoka kwenye mausi. Midomo ikaanza kucheza, vidole vikagusana kimoja kimoja juu ya goti. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akaandika, akabonyeza "Tuma", na kioo kikamwambia: Asante, ombi lako limepokelewa.

Mimi nilimwona akihesabu, vijana wangu. Niliona kwa macho yangu na nikafurahi. Nikaandika kwenye daftari: "Anafikiri kabla ya kujaza. Ameelewa." Sikuinama kutazama alichoandika. Nilipowauliza wote watano wanaonaje ukurasa, walisema ni mzuri sana, Mungu awabariki. Nikamwambia Fredi tumefaulu, na tukaufungua.

Mvua ya kwanza ilipiga katikati ya mwezi wa kumi na moja, na lori likafika siku mbili baadaye, magurudumu yamejaa udongo mwekundu. Tulibandika orodha ukutani mwa duka. Watu wa mjini waliona majina yao. Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa bondeni waliona majina yao pia. Watu wa Mollo walisoma kutoka juu hadi chini, wakarudia kutoka chini hadi juu. Leokadia alikuwa amekuja na baiskeli ya kuazima ya kubebea mfuko. Alisubiri msongamano upungue, ndipo akanijia.

"Dada Konso, jina langu halipo."

Nilimwambia labda limeandikwa vibaya. Tukatafuta wote wawili. Halikuwepo.

"Lakini iliniambia limepokelewa," alisema, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kunitia aibu mbele za watu.

Nilikimbilia chumba cha nyuma. Fredi alibonyeza hapa na pale, kisha akafungua orodha nyingine ambayo hata mimi sikujua kama ipo. Alikuwa ameiagiza kompyuta kwamba yeyote atakayejaza zaidi ya ekari mia moja atengwe kwa uhakiki, ili wafanyabiashara wakubwa wasije wakazoa mbegu za wanyonge. Uhakiki ulitakiwa kufanywa na mtu wa makao makuu. Mtu huyo hakuwahi kuteuliwa. Na humo ndani walikuwa wamejipanga akina mama wa Mollo, mmoja baada ya mwingine: ekari mia sita, ekari elfu moja na mia mbili. Leokadia, ekari mia nane.

Fredi alianza kucheka, halafu akanitazama na kicheko kikamfia.

"Mama, haijaharibika," alisema. "Imefanya vilevile nilivyoiambia."

Mbegu kwenye lori zilitosha walioorodheshwa tu. Tulipiga simu Mbeya, tukaahidiwa lori la pili. Barabara ya masika mnaijua wenyewe. Lilipofika, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Leokadia alikuwa ameshapanda punje alizochagua kutoka mavuno yaliyopita, na mkulima yeyote atawaambia kwamba mbegu ya dukani ukiirudia hunyong'onyea. Nilikuwa na jina lake kwenye daftari na neno "ameelewa" pembeni.

Nilikwenda Mollo, na safari hii sikubeba maandazi. Nilimkuta shambani, nikamwomba anionyeshe anavyolima. Ninyi mliokulia mjini huenda mmeyaona yale matuta ya mviringo, ntumba, mkadhani ni vichuguu. Mwisho wa masika Mfipa hukusanya majani, huyafukia kwa udongo, tuta moja moja, halafu hupanda maharage juu yake. Mvua za msimu unaofuata zikikaribia, tuta huvunjwa na kutawanywa, majani yameoza yamekuwa mbolea, hapo mahindi au ulezi hupandwa. Kila tuta limepita mikononi mwake. Mwanamke anayelima ntumba anajua idadi ya matuta yake kama anavyojua idadi ya watoto wake. Leokadia alikuwa na matuta mia nane.

Nilimuuliza kwa nini siku ile hakuniambia kwamba pale pa ekari pamemtatiza.

"Hapakunitatiza. Uliuliza ukubwa wa shamba, nikauhesabu."

"Paliandikwa ekari."

"Nilipaona. Ekari ni za wenye ng'ombe na trekta. Shamba langu halijawahi kupigwa kamba. Ningeandika nini, uongo?"

Wasukuma hawakukwama hapo. Wao hupima kwa miguu, hatua sabini kwa sabini, na ekari imetimia. Ukurasa wetu ulijengwa na mtu asiyelima, ukajaribiwa na watu wenye mishahara, ukamfaa mwenye jembe la ng'ombe kwa bahati tu.

Nikamuuliza tena: basi nilipowauliza kama ukurasa ni mzuri, kwa nini wote walisema ni mzuri? Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Na chai yako mkononi? Mtu akikulaza kwake, asubuhi utamwambia kitanda kina kunguni?"

Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mtu kama ukurasa ni mzuri, na ninyi mnajua nilivyokuwa nawakatiza mkiuliza. Mtu mzima mwenye heshima zake hatakuambia hakuelewa, wala hatakuaibisha nyumbani kwako. Mwombe afanye, nyamaza, na tazama anachoandika. Akisimama, usifurahi. Chai ije mwishoni.

Mavuno ya mwaka ule ya Leokadia yalijaza nusu ya kihenge. Maharage yaliwashikilia kidogo. Mwezi wa saba aliwapandisha wale wasichana wawili, Stella wa miaka kumi na mmoja na Anna wa saba, kwenye basi la Namanyere, wakakae kwa dada yake hadi mavuno mengine. Dada alikuwa na mume mwenye kazi, nyumba ya bati, na hakujaliwa mtoto. Habari hizo nilizipata kwa jirani. Leokadia mwenyewe aliniambia tu kwamba watoto wamekwenda kumsalimia mama mkubwa.

Fredi na mimi tulianza upya, na safari hii kompyuta tuliiacha mjini. Tulichora kila ukurasa kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, tukaenda nazo Mollo, tukazitandika juu ya mkeka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama mpaka viuno vikatulilia. Mkulima alibonyeza kitufe kilichochorwa, na mimi niliyekuwa kompyuta nikamwekea karatasi inayofuata. Leokadia alibonyeza, mimi nikawa natafuta karatasi, akasema kompyuta yetu imezeeka. Fredi alicheka mpaka akavua koti moja.

Kwa karatasi hizo tuligundua makosa mengi ndani ya siku tatu, na kuyafuta hakukumsumbua mtu, maana manila haimtii mtu kiburi kama kioo. Tuliuliza kwanza shamba lako unalihesabu kwa kipimo gani, kwa matuta au kwa ekari. Leokadia alituonyesha kikombe kimoja cha mbegu kinatosha matuta mangapi, na Fredi akaifundisha kompyuta ifanye hesabu hiyo yenyewe, badala ya kumfanyisha mama wa watu. Tuliondoa ile orodha ya siri. Jambo la mwisho tulilipata bila kulitafuta. Alipobonyeza "Tuma" nilimwekea karatasi ya asante, nikadhani atainuka. Hakuinuka.

"Hii hata mwaka jana iliniambia asante," alisema.

Fredi akachukua manila mpya, akachora orodha ya majina, akaandika jina la Leokadia, matuta yake na mifuko yake, akamwekea mbele. Leokadia alisoma kwa kidole, mstari hadi mwisho, ndipo akainuka na kukung'uta kitenge. Ndiyo sababu hadi leo kurasa zetu humwonyesha mtu jina lake ndani ya orodha kabla ya kumshukuru. Mmewahi kunilalamikia kwamba zinachelewa kufunguka. Ziacheni zichelewe.

Mwezi wa kumi na moja lori lilikuja, na Mollo ikabeba mifuko. Mvua ilikuwa ya kiasi, haikukata wala haikuzidi. Mavuno yalipokwisha, Leokadia alinitumia ujumbe kwamba anakuja stendi siku ya Ijumaa kuwapokea watoto, na kama nina nafasi nifike. Sikujua kama ananialika au anataka shahidi. Niliomba ruhusa kazini nikaenda.

Alikuwa amesuka nywele. Alinionyesha nguo mbili alizoshonesha, moja kubwa moja ndogo, za kitambaa kimoja, na akaniambia kihenge kimejaa hadi shingoni. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Basi la Namanyere likaingia, vumbi likatulia, watu wakaanza kushuka na kuku na magunia. Anna alishuka akiwa na furushi na bahasha, akakimbilia kwenye kitenge cha mama yake. Leokadia alimshika kichwa huku macho yakiwa mlangoni. Abiria wa mwisho akashuka. Konda akaufunga mlango.

Alifungua ile bahasha, akasoma kwa kidole, mstari hadi mwisho. Nilimuuliza kuna nini.

"Dada anasema Stella anaongoza darasa. Anasema mtoto mwenyewe ameomba abaki." Aliikunja barua ikawa ndogo kabisa. "Anamwita mama sasa."

Nilimwambia twende Namanyere kesho, nitalipa nauli, tukamchukue. Nilisema haraka, kama mtu anayetaka kufuta alichoandika. Alitikisa kichwa.

"Dada yangu hana mtoto, Konso. Alinilishia wangu nilipokuwa sina. Leo nimnyang'anye kwa sababu nina mahindi?"

Nilisema nisamehe, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu siku ya lori. Aliniambia yamepita, akamfunga Anna mtandio, akaweka furushi kichwani. Ile nguo kubwa alinipa mimi, akasema nitafute mtoto wa kumfaa, kwani Stella ifikapo Krismasi atakuwa ameipita.